Je, wajua kwa nini Zero nyingi zinazoruka leo zinatumia injini ya Kimarekani?

Mitsubishi A6M, maarufu kama Zero, ndiyo ndege ya kivita iliyotegemewa zaidi na jeshi la wanamaji la Japani katika Vita Kuu ya Pili. Ziliundwa zaidi ya 10,000. Leo zinazoweza kuruka ni za kuhesabu kwa vidole, na ni moja tu inayonguruma kwa injini yake ya asili, Nakajima Sakae. Hiyo iko kwenye makumbusho ya Planes of Fame, mjini Chino, California. Wenzake wamefungwa Pratt & Whitney R-1830, injini ya adui!

Shida ni vipuri. Japani iliposalimu amri mwaka 1945, Sakae nayo ikaishia hapo. R-1830, ambayo ndiyo injini ya Dakota, ile ndege ya usafirishaji, ilitengenezwa zaidi ya 170,000, hivyo spea na mafundi wake bado wanapatikana. Halafu kwa umbo ni kama ndugu: zote mbili zina silinda 14, zimepangwa duara kwa safu mbili na kupozwa kwa hewa. Sakae ina ujazo wa lita 27.9, ya Kimarekani lita 30. Hii ya pili ni pana zaidi kwa sentimeta chache, kwa hiyo pua ya ndege hunenepa kidogo. Wengi hawagundui.

Ya Chino iliponaje? Wamarekani waliiteka ikiwa nzima kisiwani Saipan, Juni 1944, wakaisafirisha kwao ili marubani wao waijaribu na kuujua udhaifu wake. Zilizoachwa visiwani hazikuwa na bahati hiyo. Mbunifu wa Zero, Jiro Horikoshi, alitaka ndege nyepesi kupindukia, akatumia aloi mpya ya alumini yenye nguvu sana lakini inayoliwa upesi na unyevu na chumvi. Ukiiokota msituni baada ya miaka 40, mabati yake mengi hayafai tena kurushwa.

Wapo wanaodai kwamba Zero yenye R-1830 si Zero. Mimi sikubaliani nao. Hata propela iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa ya Hamilton Standard, kampuni ya Kimarekani. Sumitomo waliitengeneza Japani kwa leseni waliyoipata kabla ya vita.