Masizi ya Sufuria: Mkaa na Penseli kwenye Karatasi Moja

Vitabu vingi vya uchoraji nilivyosoma viliandikwa Ulaya, na karibu vyote vina shauri moja: kaa karibu na dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa huko jua haliingii. Kwao ni sawa, maana jua lao hupita upande wa kusini mwaka mzima. Nilipopanga chumba cha kuchorea hapa Walukuba, Jinja, Uganda, nililifuata shauri hilo bila kujiuliza. Ikaja Juni. Kila asubuhi mwali ulipenya kwa mshazari hadi mezani, na kivuli cha birika kikahama kabla sijamaliza kuchora mkono wake.

Sisi tuko jirani kabisa na ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua letu hupita kaskazini ya utosi, na miezi iliyobaki hupita kusini. Kwa hiyo mimi huhama: Juni nachorea dirisha la kusini, Desemba la kaskazini. Mwenye dirisha moja atundike shuka jeupe lililopauka, mwanga utalainika vizuri. Nalianzia hili kwa sababu kivuli kisipotulia hutachora kitu kikaonekana cha kweli, hata mkono wako uwe hodari namna gani. Jua husogea nyuzi 15 kila saa, na kivuli nacho hakikai.

Wiki hii mezani pangu pana vitu vitatu. Sufuria ya alumini, aina ile mafundi wa Katwe, Kampala, wanayomimina kutokana na vyuma chakavu, chini imeshika masizi ya miaka. Yai la kienyeji, jeupe. Na chini yake kipande cha lubugo, kitambaa kinachopatikana kwa kuponda gome la mti wa mtuba, chenye rangi ya udongo mkavu na kisichorudisha mng'ao wowote. Nimevichagua kwa makusudi. Ukivitazama pamoja unaelewa kwa nini nahitaji mkaa na penseli pia.

Ndani ya penseli hamna risasi ingawa jina hilo limezoeleka. Mna grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na alama yake hafifu, hiyo ndiyo H. Ukipungua inakuwa laini na nyeusi, hiyo ndiyo B. Namba kubwa mbele ya herufi huzidisha sifa hiyo, na HB iko katikati. (Grafaiti si kitu cha mbali nasi. Huko Orom, Kitgum, kaskazini mwa Uganda, imo miambani.) Chembe zake ni vibamba vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na ukisugua sana vinalala kifudifudi na kuanza kumetameta. Ndiyo maana 6B uliyoikandamiza haiwi nyeusi kweli: ukisogea upande inang'aa kama bati. Mkaa ni kaboni vilevile, lakini chembe zake zimevunjikavunjika, zina pembe, zinameza mwanga. Weusi wake ni mzito kama wa jikoni usiku. Ubaya wake ni kwamba haushiki. Ukipuliza tu, nusu imekwenda.

Basi mng'ao wa grafaiti, ambao wengi huulalamikia, kwa alumini ni zawadi. Na masizi ya sufuria ni kaboni, nayachora kwa kaboni.

Mkaa wa kupikia usiutumie. Ni mgumu, una chembe kama mchanga, utakwaruza karatasi na mkwaruzo huo haufutiki. Mimi huchoma wangu kutoka vijiti vya mforosadi vyenye unene wa penseli. Navimenya, navikausha wiki mbili, navipanga wima ndani ya mkebe wa maziwa ya unga hadi vibanane, nafunga kifuniko na kutoboa tundu moja kwa msumari. Mkebe unaingia kwenye sigiri. Moshi mweupe utatoka tunduni, utapungua, kisha utakoma. Hapo ipua, ziba tundu kwa udongo mbichi, uuache upoe usiku kucha. Mara ya kwanza niliufungua ungali moto. Hewa iliingia, vijiti vikashika moto mbele ya macho yangu, na baada ya dakika chache nilikuwa na jivu.

Karatasi iwe na ukwaruzo kidogo ili chembe zipate pa kujishika. Manila ya shuleni ni laini mno, mkaa unateleza juu yake. Na msimu wa mvua karatasi inafyonza unyevu na kulegea, hivyo mimi huibandika kwenye ubao kwa gundi ya karatasi pande zote nne kabla ya kuanza.

Kwa umbo nitasema machache. Mdomo wa sufuria ukiutazama kwa mshazari ni duara lililobanwa, na ncha zake mbili ni za mviringo, hazichongoki kamwe. Kitako kiko chini zaidi ya jicho lako, kwa hiyo mviringo wake umefunguka zaidi ya ule wa mdomo. Wanaoanza huchora kitako kwa mstari ulionyooka, na hapo sufuria hukatika kama imesimama ukingoni mwa picha nyingine.

Kazi kubwa ni kupima weusi. Mwanafunzi wangu mmoja alikwama kwenye yai siku nzima. "Mwalimu, yai ni jeupe, nitalipakaje mkaa?" Nikamkatia kikaratasi, nikakitoboa matundu mawili madogo. "Mwanangu, shika hiki. Tundu moja liweke upande wa yai ulio kivulini, la pili liweke kwenye lubugo pale inapopigwa na mwanga." Akafumba jicho moja, akatazama. Kimya. Kisha akasema yai ni jeusi zaidi. Ndivyo lilivyokuwa: kipande cha yai jeupe kilikuwa cheusi kuliko kitambaa cha kahawia. Akili hujua yai ni jeupe na humlazimisha mkono kuliacha jeupe. Siku ile ile yai lake lilipata tumbo. Chini yake aliacha mwanga hafifu unaorudi kutoka kitambaani, na nilimsihi asiupaushe kupita kiasi. Mwanga unaorudi bado ni sehemu ya kivuli. Hauwezi kushindana na upande unaotazama dirisha.

Usipokuwa na kikaratasi, finya macho. Vitu vidogovidogo vinapotea, yanabaki mapande makubwa ya weusi na weupe, na hayo ndiyo ya kuweka kwanza.

Utaratibu wangu hauna mjadala: mkaa hutangulia. Grafaiti ikishatua inajaza vishimo vya karatasi na kuilainisha, mkaa ukipita juu yake unateleza. Kwa hiyo natandaza mkaa kwenye lubugo, kwenye masizi na kwenye kivuli kinachoanguka, nikisugua kidogo kwa kitambaa cha pamba. Kidole sikitumii, kina mafuta. Kivuli kinachoanguka nakikaza pale kinapoigusa sufuria, kisha nakilegeza kadiri kinavyokwenda mbali. Mwili wa sufuria naugawia penseli: 2H kwa mbonyeo hafifu, HB na 2B kwa mikunjo, 4B kwa ufa mwembamba chini ya ukingo.

Halafu panakuja mahali ninapopapenda kuliko pote, mpaka wa alumini na masizi. Kwa mbali unaonekana mstari. Kaa karibu. Masizi hayakomi ghafla. Yanapanda kwa ndimi, kama miali iliyoyaleta. Kuna pahali mchuzi ulifurika ukateremka na kuganda, ukaacha mfereji wa kahawia. Kuna mikwaruzo ya mchanga aliotumia mtu kusugulia, mistari myembamba ya fedha ndani ya weusi. Hiyo siichori. Naweka mkaa mzima, kisha naikwangua kwa raba niliyoikata ncha kali kwa wembe, mvuto mmoja kila mstari, raba ikisafishwa kila mara. Hapo mkaa na grafaiti vinapakana kwa upana wa unywele, na mkono ukitetemeka vinachafuana. Napumua nje kabla ya kila mvuto.

Nyeupe tupu naiacha sehemu moja tu, ukingoni mwa sufuria unaotazama dirisha. Nyeusi tupu nayo naiweka jirani, ndani ya sufuria chini ya ukingo huo huo. Chuma kinang'aa kwa sababu hizo mbili zinagusana bila kijivu katikati. Nyeupe ikitapakaa kila mahali, hata kwenye yai, sufuria inakufa.

Mwishoni napuliza dawa ya kugandisha mkaa karatasini, nje, mbali na upepo, mara mbili nyembamba badala ya moja nzito. Dawa ya nywele ya kupuliza watu hutumia kwa kuwa ni rahisi, lakini hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda. Dawa yoyote itaufanya mkaa uwe mweusi kidogo zaidi, na baada yake raba haiinui chochote, kwa hiyo kabla ya kupuliza nageuza picha juu chini, nasimama mlangoni, na kuangalia kama ule ukingo mmoja bado ndio mweupe kuliko vyote.