Je, wajua kwa nini Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania, alitangulia tangu bastola ilipolia?

Mbio za mita 1500 zina desturi yake: mjanja hujibanza nyuma ya wenzake. Aliye mbele ndiye anayewakatia wengine upepo, na hamwoni anayemjia. Walio nyuma wanamtazama, wanaweka akiba ya nguvu, kisha kwenye mzunguko wa mwisho wanachomoka. Ndiyo maana fainali nyingi huanza kwa kuviziana.

Filbert Bayi, kijana wa Karatu, aliishia kwenye mchujo katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos, alikimbia mbele na kumshinda Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa 1968. Kwa hiyo alipofika Christchurch, New Zealand, kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, hakuwa anabahatisha. Alikuwa na miaka 20 na alishaijaribu njia yake.

Februari 2, 1974, katika fainali ya mita 1500, alifyatuka na kuwaacha wenzake mapema. Sasa tazama alivyowabana. Waliobaki nyuma walikuwa na mawili tu: wamfuate kwa mwendo ule mkali na kuichoma akiba yao mapema, au wamwache wakitumaini atakatika pumzi. Wakamwacha. Kila hatua waliyosita ikawa mita za Bayi. Walipoanza kumfukuza ilibidi waongeze kasi mbali na utepe, miguu ikiwa imeshaanza kuwa mizito, na ule mchomoko waliouzoea ukakosa makali. John Walker wa New Zealand, akikimbia mbele ya watu wa kwao, alimsogelea sana kwenye mita za mwisho lakini hakumfikia.

Bayi alimaliza kwa dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker alitumia 3:32.52, naye pia akawa chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1, iliyodumu tangu 1967. Hili ndilo linalonigusa zaidi: mmoja alipokataa kuvizia, hata aliyeshindwa alikimbia kwa kasi kuliko binadamu yeyote kabla ya siku hiyo. Kama rekodi ya Michezo ya Madola, muda huo wa Bayi ulidumu hadi 2022.

Lakini anayetangulia hulipa pia, na Bayi alilipa. Moscow, 1980, kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji, aliongoza kwa pengo kubwa hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Bayi akapata medali ya fedha. Katika michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5000, na mpaka baada ya Olimpiki ya Paris ya 2024, Tanzania haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili.