Kwa nini paipu za breki huoza hata kwenye ukame wa Dodoma?

Dodoma mvua huanza Desemba, na Aprili ikiisha imekwenda zake. Miezi iliyobaki ni vumbi, jua na upepo. Hata hivyo gari likipandishwa gereji, fundi akapitisha kidole kwenye vipaipu vyembamba vya chuma vinavyotoka kwenye masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) kwenda magurudumu ya nyuma, magamba ya kutu hudondoka. Yametoka wapi?

Mara nyingi kutu hiyo ilikuja na gari. Magari yetu mengi yametumika kwanza Japani, na huko kaskazini, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hujificha chini ya klipu zinazoshika paipu kwenye bodi, mahali ambapo hata ukiosha gari maji hayafiki vizuri. Likifika kwetu, mawe ya barabara za vumbi za Kondoa au Chemba humenya rangi ya kinga, na kutu hupata pa kuendelea. Ndani ya paipu nako kuna adui: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa anayeteremka Sekenke na mzigo, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Paipu ikitoboka njiani, ushauri wa haraka haukosekani: kata kipande kibovu uunge kwa mpira wa petroli na klipu, au chomelea, au ibane kwa koleo ufike nyumbani na breki zilizobaki. Naomba ukatae yote matatu. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi 32 hivi. Ukikanyaga breki kwa nguvu, mafuta ndani ya paipu hupita psi 1,000, zaidi ya mara 30 ya tairi. Mpira na klipu vitashika unapotembea polepole mjini, kisha vitaachia siku mtoto au ng'ombe atakapokatiza mbele yako. Ukibana paipu ya gurudumu moja, gari litavuta upande mmoja kila ukifunga breki.

Paipu ya shaba tupu, ile ya friji, nayo haifai. Hukunjika kirahisi na haishiki kutu, ila mtikisiko huifanya iwe ngumu hadi ipasuke. Inayofaa ni ya chuma kilichopakwa kinga, au ya shaba iliyochanganywa na nikeli, asilimia 10 hivi. Mimi ningechagua hii ya pili: hupindwa kwa mkono na haiozi.

Lakini ubora wa kazi yote uko mdomoni mwa paipu. Fundi hukata kwa kikatio cha paipu, si msumeno, husafisha chenga, hutanguliza nati (akisahau, atakata tena), kisha hukunja mdomo mara mbili kwa kifaa maalumu ili ukutane na kiti chake kwa tabaka mbili za chuma. Mdomo uliokunjwa mara moja hupasuka. Magari ya Japani kwa kawaida hutumia mkunjo wa mara mbili, ilhali mengi ya Ulaya yana mdomo wa duara kama kitufe. Ukichanganya, pavuja. Nati nazo zifunguliwe kwa spana inayozishika karibu pande zote. Spana ya kawaida hula kona zake.

Kinachofuata ni kutoa upepo ulioingia kwenye paipu, kwa kawaida kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, huku chupa ya mafuta ikiongezwa isikauke. Baadhi ya magari yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) huhitaji mashine ya kompyuta kwa hatua hii. Kabla hujaondoka, washa injini, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie. Ikizama polepole, mwambie fundi arudi chini ya gari. Isipozama, bado afute kila kiungo kwa kitambaa kikavu, ukanyage tena, na aangalie kama pana unyevu.