Resini kuiva maana yake nini, na ukichanganya za aina mbili inakuwaje

Juzi nimeshuka mwalo wa Kirumba hapa Mwanza nikamkuta kijana anaziba boti ya faiba, kakoroga resini (ule uji mzito unaopakwa kwenye faiba ukawa mgumu) nusu ndoo kwa mkupuo, kaenda kunywa chai, anarudi ndoo inafuka moshi, resini imekuwa jiwe lenye nyufa. Eti "jua limeikausha". Haijakauka hiyo, imeiva.

Tofauti yake iko kama ya matofali. Tofali bichi likikauka, limwagie maji linarudi tope, ila la kuchoma halirudi ng'o. Resini ya polyesta ni minyororo mirefu inayoelea kwenye stairini (ile harufu kali ndo yenyewe), ukitia hadina (dawa ya kuivisha) kama gramu 10 mpaka 20 kwa kilo, stairini inafunga minyororo pamoja inakuwa wavu mmoja na hapo hakuna kurudi nyuma. Kazi hiyo inatoa joto. Ukipaka nyembamba joto linatoka, ukiacha kwenye ndoo linajirundika, joto linaharakisha kuiva na kuiva kunazidisha joto, basi ndo moshi. Kitako cha ndoo kilikuwa kimelegea kabisa maana plastiki ya ndoo inayeyuka, jiwe la ndani wala.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui, resini ikiwa ngumu mkononi haimaanishi imeiva yote. Wavu ukishakaza molekuli zinakosa nafasi ya kusogea, kuiva kunakwama njiani. Kila resini iliyoiva ina joto lake la kulegea, yaani ukilifikia inaacha kuwa kama kioo inaanza kuwa kama mpira. Epoksi (resini ya aina nyingine, ina hadina yake) iliyoivia kivulini kwa nyuzi 25 hadi 30 mara nyingi inalegea kwenye 50 au 60 hivi, na boti ya rangi nyeusi ikipigwa na jua la saa saba inaweza kufika huko, afu fundi anashangaa imepinda! Ukiipasha tena nyuzi 60 mpaka 80 kwa masaa kadhaa inaendelea kuiva na hilo joto linapanda.

Kuchanganya resini ndo hapo watu wanacheza na mizani ya ugumu na joto la kulegea. Polyesta ngumu ukiitia polyesta laini kidogo haivunjiki hovyo ikigonga mwamba (na Mwanza mawe hatujawahi kuyakosa), ila inalegea mapema zaidi juani, huwezi kupata vyote bure. Vinailesta (resini nyingine tena) na polyesta zinaelewana kwa sababu zote zina stairini na zinatumia hadina ya aina moja. Epoksi na polyesta achana nazo, hadina ya epoksi inaizuia polyesta isiive vizuri inabaki inanata. Kujua kama resini mbili zimechanganyika kweli, maabara wanapima kwa kukitikisa kipande cha mchanganyiko huku wanakipasha: kikilegea kwenye joto moja tu basi zimeshikana zimekuwa kitu kimoja, kikilegea kwenye joto mbili tofauti kila moja imekaa kivyake humo ndani.

Na usije ukaongeza hadina ya epoksi eti iwahi, ile ni sehemu ya wavu wenyewe, ikizidi inabaki bila kazi na inalainisha.

Kijana nimemwambia akoroge kwenye kopo la lita moja, tena aimwage kwenye trei ipoe. Kaniuliza trei atatoa wapi.