Je, wajua kwa nini bati laini huila panchi ngumu?

Bati jembamba la alumini unaweza kulikunja kwa mkono. Panchi inayolitoboa ni ya chuma kilichotiwa ugumu kwa moto, chenye kaboni na kromiamu nyingi. Hata hivyo, baada ya maelfu ya matundu, panchi ndiyo inayopelekwa kunolewa.

Wengi hudhani panchi hukata bati mpaka chini. Sivyo. Ikishuka kuelekea dai, yaani kipande cha chini chenye tundu, huzama sehemu tu ya unene, kisha nyufa huanza kwenye makali ya juu na ya chini. Zikikutana, kipande hudondoka. Ndiyo maana ndani ya tundu utaona mkanda unaong'aa, uliokatwa, na mwingine wenye kukwaruza, uliovunjika.

Nyufa hizo hukutana tu kama panchi na dai vimeachiana uwazi unaofaa. Kwa kawaida uwazi huo ni asilimia 5 hadi 10 hivi ya unene wa bati kila upande, na metali ngumu huhitaji zaidi. Kwa bati la milimita 1, hiyo ni milimita 0.05 hadi 0.1 tu. Ukibana mno, nyufa hupishana, metali hukatwa mara ya pili na tundu huing'ang'ania panchi.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe, na ndipo watu wasipopaangalia: safari ya kurudi. Bati lililosukumwa hujirudi na kubana ubavu wa panchi, nayo lazima ichomolewe kwa nguvu. Kuta za tundu ni metali mbichi iliyofunuka sasa hivi, haina mafuta wala utando wa oksidi, kwa hiyo hunata. Chuma cha pua na alumini ni wakorofi hasa kwa hili. Chembe huganda kwenye panchi, na zinapobanduka huweza kuondoka na vipande vya panchi yenyewe.

Alumini ina hila ya pili. Uso wake hufunikwa na utando mwembamba mno wa oksidi ya alumini, kemikali ileile inayotiwa kwenye msasa. Chini laini, juu msasa.

Kwa nini basi panchi isifanywe ngumu zaidi? Ugumu ukizidi, wepesi wa kumeguka nao huongezeka. Tangsteni kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma hicho, hudumu sana, lakini mashine isipokaa sawa, makali yake humeguka. Dawa yenye nafuu ni mafuta ya kulainisha pamoja na kupaka panchi nitridi ya titani, ile rangi ya dhahabu, yenye unene wa maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) chache. Kunoa huondoa rangi hiyo usoni, ila ubavuni, penye msuguano mwingi, hubaki.

Utajuaje kilichochakaa? Papasa kingo kwa uangalifu. Ncha kali zikichomoza kwenye kipande kilichodondoka, panchi ni butu. Zikichomoza kuzunguka tundu kwenye bati, tazama dai. Usingoje zikue. Makali yaliyoviringika huchelewesha ufa, nguvu na msuguano huongezeka, na uchakavu huenda mbio. Kunoa mapema huondoa chuma kidogo tu. Na kama panchi ilishikwa na meza ya sumaku wakati wa kunolewa, iondoe usumaku kabla ya kuirudisha, la sivyo, ukitoboa bati la chuma, vipande vitaganda nchani na kupanda nayo.