Risasi haimrushi nyati, jamani tuelewane

Wiki iliyopita tena. Nimekaa zangu barazani Magomeni Bagamoyo nakunywa kahawa, anakuja kijana mmoja ana shamba kule Makurunge, leseni anayo na bunduki kubwa ya .458 kairithi kwa baba yake, ananiambia "mzee, hii ikimpata nyati inamrusha nyuma kama kagongwa na lori la mchanga". Nimelisikia hilo neno miaka yote niliyofanya kazi ya uwindaji bingwa, nimelisikia kwa wageni na kwa wenyeji, kwa watu wazima wenye akili zao, na sasa nimechoka naandika.

Hairushi. Haijawahi kurusha. Twende na hesabu taratibu. Kichwa cha .458, yani kile kinachoruka kutoka mtutuni, kinachotumika sana kina grein 500, yani kama gramu 32, na kinatoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 640 kwa sekunde. Nyati dume mpe kilo 700. Sasa hata kile kichwa kiingie chote kibaki humohumo mwilini, msukumo wake, yani uzito mara kasi, ukiugawa kwa kilo zile 700 unapata sentimita 3 kwa sekunde. Tatu! Kobe anaenda haraka kuliko hapo. Na hata kama hesabu huipendi, fikiria bega lako, maana msukumo unaoenda mbele ndo huohuo unaokurudia wewe, sa kama ungetosha kumrusha mnyama wa kilo 700 basi wewe wa kilo 70 ungeruka wa kwanza.

Nyati anaanguka papohapo kwa sababu mbili tu, umegusa ubongo au umekata uti wa mgongo. Ukivunja bega anapunguza mwendo. Moyo na mapafu vinaua, tena vinaua kwa uhakika, ila haviui sasa hivi. Aliyepigwa moyoni vizuri kabisa bado kichwani ana damu ya kumkimbiza sekunde kumi na zaidi, na mnyama huyu anagonga kilomita 50 kwa saa, kwahiyo mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili na kidogo. Hapo ndo watu wanapokufa, kapiga moja, kashusha bunduki anasubiri kishindo kimalize kazi. Usishushe bunduki! Piga, chomoa ganda, piga tena, mpaka alale na uhakikishe kalala.

Nina kopo la kahawa nyumbani, ndani yake kuna kichwa kimoja cha .375 nilichokitoa kwa kisu kwenye bega la nyati. Mgeni alimpiga ubavuni, kasimama upande wazi kabisa, mbele yetu kama mita 60, akadunda akaingia kwenye majani marefu. Tulimfuata toka asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, na majani yale yanafika kifuani, unasikia moyo wako mwenyewe. Tulipomchuna ndo nikaelewa. Ile ilikuwa sofuti, yani kichwa chenye pua laini, ya kutanuka haraka, imefika kwenye mfupa wa bega ikafunguka kama kofia ya uyoga, kingo zimejikunja nyuma, na ikasimama hapohapo, pafu halijaguswa hata kidogo. Nguvu yote iliyoandikwa kwenye boksi ilikuwepo, ila haikufika pa kufika. Nilimwekea yule kijana mkononi akaigeuzageuza kimya. Ukitaka kuchagua risasi ya kujilinda na mnyama mkubwa, swali la kwanza ni itazama ndani ya mwili kiasi gani na itaenda moja kwa moja au itapinda. Maneno ya nguvu ngapi na kishindo gani yaje baadaye kabisa.

Na hapo ndo linakuja hili la risasi za kumimina, yani vichwa vya madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, maana vijana wanaona video za Wamarekani wa Alaska wanaojilinda na dubu, wanakuja kuniuliza. Kabla sijaendelea, huku kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, kwahiyo naongelea zile wanazotumia wenzetu kwao, na ambazo nimeona wateja wangu wakija nazo. Usije ukawasha jiko nyuma ya nyumba ukasema mzee kasema.

Wengi wanadhani kwa kuwa ni madini ya risasi tupu, hayana ganda la shaba, basi ni laini, itapasuka tu kama tope. Nadhani lugha yetu nayo inachangia, maana madini tunaita risasi na kinachotoka mtutuni tunaita risasi, mtu anaona ni kitu kimoja. Sivyo. Risasi tupu kwa kipimo cha ugumu cha Brinell ni kama 5, ukichanganya na bati na antimoni, madini ya kuikaza, unafika 15, na yale madini ya herufi za mitambo ya zamani ya kuchapia magazeti yanafika 22. Kichwa kizito cha mchanganyiko mzuri, kilichokatwa pua iwe bapa, kwa kasi ya mita 400 hadi 600 kwa sekunde tu, kinazama kuliko sofuti nyingi za kasi kubwa. Pua bapa inakata nyama badala ya kuisukuma pembeni, na haiyumbi ovyo ikikutana na mfupa kama ile ya mviringo. Bunduki ya .45-70 ya jeshi la Marekani ni ya mwaka 1873, na hadi leo watu wa dubu wanaipenda kwa sababu hiyo.

Ila sasa wanaruka upande wa pili, "basi ngumu kuliko zote ndo bora". Hapana bwana. Antimoni ikizidi kinakuwa kama kigae, kikigonga mfupa mnene kinavunjika vipandevipande, na kipande hakizami. Afu wanasema ugumu unazuia madini kuganda ndani ya mtutu, wakati kinachozuia zaidi ni kichwa kutosha. Lazima kiwe kikubwa kuliko mtutu kwa elfu moja au mbili za inchi, kikiwa kidogo moto wa baruti unapita pembeni unakiyeyusha, unaanza kupaka michirizi ya mtutu, risasi ya tano haijui inaenda wapi. Ukitaka kasi zaidi kuna kikombe kidogo cha shaba cha kuvisha kitakoni. Kuongeza baruti tu kwa sababu unaweza, ni ujinga.

"Mbona yule Mskoti Bell aliua tembo kwa kibunduki kidogo?" Kweli, W.D.M. Bell aliua zaidi ya tembo elfu moja, wengi kwa 7x57, bunduki ya risasi nyembamba ya milimita 7. Alitumia solidi, vichwa vigumu visivyotanuka, ndefu za grein 173, alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajifunze ubongo unakaa wapi, na tembo wake wengi walikuwa wametulia hawajui kama yupo. Wewe unakutana naye usiku kwenye mahindi, tochi inatetemeka. Shika .375 kupanda, na tia solidi ya kiwandani.

Shotigani ya marisawa, vile vigololi vidogo, kwa kiboko au nyati? Hapana. Unamwongezea hasira tu, marisawa yanaishia kwenye ngozi.

Na mazoezi. Watu wananunua bunduki kubwa wanapiga mara tatu mezani wanaogopa bega, wanaifungia. Nenda sehemu inayoruhusiwa, simama wima bila kuegemea, mita 25, karatasi ya ukubwa wa sahani ya chai, risasi mbili ndani ya sekunde tano. Ukishindwa kwa .458 shuka kwenye .375, hakuna aibu. Kijana wa Makurunge alipata moja kati ya sita, tumekubaliana arudi kila mwezi, na kwa sasa tembo wa Saadani wakija shambani anapiga madebe na kuchoma pilipili iliyochanganywa na kinyesi cha tembo akiwa mbali upande unaotoka upepo, na anawapigia askari wanyamapori mapema. Siku ikilazimu kupiga kuokoa roho, anatoa taarifa palepale, hagusi nyama wala pembe, ile ni nyara ya Serikali.