Ng'ombe katupa mimba: maswali ya wafugaji wa Moshi na Arumeru

Brusela ni nini?
Ni ugonjwa wa bakteria unaomfanya ng'ombe atupe mimba, hasa kuanzia mwezi wa tano na kuendelea. Binadamu huambukizwa.

Wangu alitupa mwaka jana, mwaka huu kazaa ndama mzima. Si amepona?
Hajapona. Ng'ombe wengi wenye brusela hutupa mimba mara moja tu, kisha wanazaa kama kawaida. Bakteria wanabaki kwenye kiwele, wanatoka na maziwa, na siku ya kuzaa wanamwagika na maji ya uzazi na kondo la nyuma. Zizi zima linaambukizwa siku ambayo mwenye ng'ombe anashangilia ndama. Tunarudia: hajapona. Na hatibiwi, kwa hiyo sindano za kubahatisha zinakula hela yako tu.

Mtamba niliyemnunua alipimwa, akaonekana mzima. Imekuwaje?
Mtamba mwenye mimba anaweza kuuficha ugonjwa mpaka azae. Mnyama wa mnadani, awe ametoka Weruweru au Meserani, apimwe damu kabla hajaingia zizini, atengwe siku 30, apimwe tena. Akiwa na mimba, apimwe kwa mara nyingine wiki 2 hadi 4 baada ya kuzaa. Kisiwa cha Jersey, asili ya wale ng'ombe wadogo wenye maziwa mazito, kilipiga marufuku ng'ombe wa nje mwaka 1789 (sababu ilikuwa biashara). Wao wana bahari, sisi tuna ua wa masale, na ua wa masale hauzuii kitu.

Katupa mimba asubuhi hii. Nifanye nini?
Mpigie afisa mifugo leo, usingoje Jumamosi. Usiguse chochote kwa mikono mitupu. Usiingize mkono kuvuta kondo lililokwama, hata kama babu yako alifanya hivyo miaka yote! Mjamzito na watoto wakae mbali kabisa.

Vaa glavu ndefu na viatu vya mpira, weka kijusi na kondo kwenye ndoo yenye mfuniko, maana afisa atachukua sampuli na mbwa wanakokota mizoga hadi kwa jirani. Akishamaliza, chimba shimo la zaidi ya mita 1, mbali na mfongo (mfereji wa maji), nyunyizia chokaa, fukia. Sakafuni ondoa samadi kwanza ndipo umwage klorini. Juu ya samadi klorini haifanyi kazi. Ng'ombe atengwe mpaka uchafu ukome kumtoka. Damu ya leo ikionyesha hana, ipimwe tena baada ya wiki 3 au 4, kwani kinga huchelewa kuonekana.

Zizi lote linapimwaje?
Kwa pete ya maziwa, kipimo cha maziwa ya zizi yaliyochanganywa. Mililita 1 ya maziwa, tone la dawa ya bluu, nyuzi 37 kwa saa nzima. Malai ya juu yakigeuka bluu na maziwa ya chini yakabaki meupe, kila ng'ombe anayekamuliwa apimwe damu. Usilete maziwa yaliyochemshwa, yaliyotoka friza wala yaliyotikiswa sana. Dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) na maziwa ya kiwele kilichovimba hudanganya kipimo.

Maziwa ya mgando je?
Kuganda hakuui bakteria. Chemsha mpaka yafure, yapoe, ndipo ugandishe.

Homa inakuja na kuondoka, jasho usiku, mgongo unauma. Nimeshameza dawa mseto ya malaria mara mbili.
Acha kuzunguka maduka ya dawa, huenda ni brusela. Utafiti wa Moshi wa 2007–2008 ulihusu wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa: 528 walidhaniwa wana malaria, waliokuwa nayo kweli ni 14. Nenda hospitali, mwambie daktari kwamba unafuga na kwamba ng'ombe alitupa mimba. Asipokuuliza, mwambie. Tiba huwa ni dawa mbili kwa takriban wiki 6. Ukiacha wiki ya pili kwa kuwa homa imetulia, inarudi.

Basi nimuuze mnadani?
Hapana. Utakuwa umempelekea mwenzako brusela iliyofungwa kamba. Apelekwe machinjioni, na mkaguzi wa nyama aambiwe kabla hajachinjwa.